Koti la virusi: kwa nini nzi mweupe ndiye anabeba mozaiki ya muhogo?

Ndugu wanashirika, mozaiki tunaijua sisi wote: majani ya muhogo yanajikunja, yanapata madoa ya njano, na siku ya kuvuna mizizi ni midogo. Wengi mnatuuliza: kwa nini nzi mweupe anabeba ugonjwa huu, na wadudu wengine hapana?

Jibu liko kwenye koti. Kila kirusi cha mozaiki kimevaa koti la vipande 110 vya protini. Nzi akinyonya utomvu chini ya jani, virusi vinaingia tumboni mwake. Ili vifike kwenye mate, koti lazima lishikane na protini za mwili wa nzi, sawa ufunguo na kufuli. Mnamo 1990 watafiti wa Uingereza walivua virusi vya muhogo koti lao, wakavivalisha la virusi vya betrave. Ndipo mdudu mwingine, yule wa betrave, akaweza kuvibeba.

Kushikana huko kunapimwa namna gani? Katika laboratwari wanabandika protini ya koti kwenye chembe ndogo kama mchanga, wanamwagia maji ya nzi waliosagwa, halafu wanaosha. Isiyoshika inaenda na maji. Ile inayobaki wanaitambua na kupima kiasi chake.

Lakini kushika ndani ya chupa ni jambo moja, shambani ni lingine. Kwa hiyo wanajaribu pia kwa nzi wazima. Mwaka 1999, kwa virusi vya nyanya, nzi walilishwa kwanza kingamwili za kuziba protini moja ya bakteria wanaoishi ndani ya nzi. Maambukizi yalishuka kwa zaidi ya 80%.

Hiyo bado si dawa ya kununua sokoni. Tena, kuna mlango mwingine usiohitaji ufunguo wowote: mti wa kupanda tuliokata kwenye muhogo mgonjwa. Huo unaleta virusi shambani hata bila nzi.

Basi, angalieni muhogo mchanga. Kama majani ya kwanza kabisa, yale ya chini, yana mozaiki, ugonjwa ulikuja na mti wa kupanda. Kama ya chini ni mazima na ya juu tu ndiyo yameharibika, nzi ndiye ameuleta.

Tung'oe migonjwa mapema, na tukate miti ya kupanda kwenye mihogo mizima tu. Tuichague wakati majani yangali juu. Yakisha kuanguka, mgonjwa na mzima wanafanana.