Kitini Kisichosomeka



Baadhi ya kamati za parokia zimetuuliza kama kompyuta zilizochangwa kwa ajili ya wanafunzi wasioona vyuoni zimeleta matunda. Ni swali la haki, na tunapenda kulijibu bila kuficha kitu. Kompyuta zilifika na zinafanya kazi, lakini peke yake hazikutosha. Kosa lilikuwa letu, na namna tulivyolirekebisha ndiyo habari tunayotaka kuwashirikisha.

Tulipodhani kazi imekwisha

Mwanafunzi asiyeona hutumia kompyuta kwa msaada wa programu ya kusoma skrini, ambayo hutamka kwa sauti maandishi yaliyomo kwenye kompyuta. Zamani programu za namna hii ziliuzwa kwa bei ambayo wanafunzi wengi wasingeimudu. Mwaka 2006 vijana wawili wasioona wa Australia, Michael Curran na James Teh, walianza kutengeneza programu iitwayo NVDA, ambayo hutolewa bure. Hiyo ndiyo tuliyoiweka kwenye kompyuta zenu. Siku ya kuzikabidhi tulipiga picha, tukaandika taarifa, tukaona tumemaliza.

Miezi michache baadaye tulitembelea chuo kimoja cha ualimu. Mwanafunzi mmoja alitufungulia kitini alichopewa na mkufunzi wake. Kompyuta ilitaja jina la faili, kisha ikanyamaza. Kwa macho yetu ukurasa ulikuwa umejaa maandishi. Kwa programu ulikuwa picha tupu, kwa sababu mkufunzi alikuwa ametoa kivuli cha kurasa za kitabu na kuziskani. Programu husoma herufi. Picha ya herufi haiisomi mpaka kwanza igeuzwe kuwa maandishi.

Kijana yule alitueleza kwamba humsubiri mwenzake wa bwenini amalize kujisomea, ndipo amsomee kwa sauti. Wiki za kawaida mambo huenda. Wiki ya mitihani kila mtu ana shida zake, naye hubaki na kompyuta isiyosema. Tulirudi tukiwa na aibu. Tulimpa chombo, lakini bado alikuwa anasoma kwa huruma ya rafiki.

Wakufunzi hawakuwa na nia mbaya

Tulipozungumza na wakufunzi tuligundua kwamba wengi hawakuwahi kuelezwa jinsi mwanafunzi asiyeona anavyosoma. Kwa hiyo tuliacha kwanza habari ya kununua vifaa, tukaandaa semina kwa ajili yao. Jambo lililowagusa zaidi halikuwa mada zetu. Tuliwaomba wazime skrini na kusikiliza vitini vyao wenyewe. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza semina ni ya nini. Haya ndiyo tuliyofundishana:

1. Andika, usipige picha. Kitini kilichochapwa kwenye kompyuta husomeka moja kwa moja. Kama kuna karatasi ya zamani tu, ipo programu ya kugeuza picha kuwa maandishi, lakini lazima mtu apitie makosa, hasa pale karatasi ilipofifia.

2. Tumia mitindo ya vichwa vya habari. Wengi hukoleza wino na kuongeza ukubwa wa herufi, wakadhani wameweka kichwa cha habari. Jicho linakiona, programu haikitambui. Kikiwekwa kwa mtindo uliomo ndani ya programu ya kuandikia, mwanafunzi anayetumia NVDA hubonyeza herufi H na kuruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Bila hivyo, kutafuta sehemu moja katika kurasa 60 ni kama kutafuta sindano gizani.

3. Eleza picha kwa maneno. Mchoro wa moyo au ramani uwe na sentensi mbili tatu zinazosema jambo ambalo mwanafunzi anatakiwa kujifunza. Kuandika neno "mchoro" peke yake hakumsaidii.

4. Chagua lugha ya maandishi. Kiswahili kikisomwa kwa sauti ya Kiingereza hakieleweki. Sauti ya Kiswahili imo ndani ya NVDA. Inahitaji kuchaguliwa tu.

5. Wakumbukeni na wengine. Wanafunzi wengi wenye ualbino wana uoni hafifu. Wanahitaji herufi kubwa, rangi zinazotofautiana vizuri, na faili la slaidi mapema ili walisogeze karibu na macho. Viziwi wanahitaji maandishi chini ya video, na darasani mkalimani wa lugha ya alama.

Mkufunzi mmoja alilalamika kwamba kazi ni nyingi. Alisema kweli kuhusu vitini vya zamani, maana kuvirekebisha huchukua muda. Lakini kitini kipya kikiandikwa vizuri tangu mwanzo, nyongeza ya kazi ni ndogo. Kwa hiyo tulikubaliana kuanza na vipya, na vya zamani vifuate kwa zamu, tukitanguliza masomo yenye mwanafunzi anayevihitaji muhula huo.

Siyo hisani tu

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unatambua katika Ibara ya 24 haki yao ya kupata elimu, ikiwemo ya juu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ilitungwa nchini mwaka 2010. Upo pia Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaoruhusu vitabu kugeuzwa katika maumbo ambayo wasioona wanaweza kusoma bila kungoja kibali cha mwenye hakimiliki. Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020. Mwanafunzi anayeomba kitini kinachosomeka anadai kilicho chake.

Parokia yako inaweza kufanya nini?

Kwanza, mnapomsomesha kijana mwenye ulemavu, msiishie kulipa ada. Muulizeni kila muhula kama anaweza kusoma vitini vyake mwenyewe. Pili, vijana wenu wanaojua kuchapa wanaweza kujitolea kuandika upya vitini vya zamani. Tatu, tunawaomba wafadhili wakubali kwamba sehemu ya mchango wao iende kwenye semina za wakufunzi, ingawa semina haipigwi picha nzuri kama kompyuta mpya.

Tulirudi chuoni muhula uliofuata. Si vitini vyote vilivyokuwa vimerekebishwa, na vya hisabati bado vinatusumbua. Lakini kijana yule alikuwa amevaa vipokea sauti masikioni, akisoma peke yake mchana kweupe, na rafiki yake alikuwa uwanjani akicheza mpira.

Endeleeni kutuuliza.