Kwa nini picha ya mtaa wa Silanga inagandisha simu, na kijipicha chake kinaficha nini

Wasomaji wangu wa pwani, leo naomba tupande hadi Nairobi, Kibera, kwenye kijiji cha Silanga. Msinione nimeacha ya kwetu nikafuata ya bara. Jambo lenyewe ni letu pia: picha zinazopigwa kutoka angani, ambazo siku hizi huwekwa mezani barabara inapopimwa, mtaro unapochimbwa, au watu wanapoambiwa nyumba zao ziko kwenye hifadhi ya mto.

Kibera ilikuwa kama doa tupu kwenye ramani za umma. Mwaka 2009, vijana wa vijiji vyake walizunguka na vifaa vya GPS katika mradi wa Map Kibera, wakaweka vichochoro, shule, zahanati na sehemu za maji kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Zanzibar nayo ilianza mwaka 2016 kupigwa picha kwa droni, Unguja na Pemba, kazi iliyowahusisha Kamisheni ya Ardhi na wanafunzi wa chuo kikuu cha SUZA.

Kijana mmoja wa Silanga aliniuliza swali la haki kabisa. Wamepewa faili la picha ya mtaa, lakini kila akilifungua simu inaganda, na kompyuta ya saiba inazima. Afanye nini wazee wake waione?

Tuanze na hesabu. Kibera ina ukubwa wa kilomita za mraba mbili na nusu hivi. Tuseme droni imepiga picha ambayo kila nukta yake ni sentimita 5 za ardhi. Kilomita moja ya mraba ni nukta milioni 400, kwa hivyo Kibera nzima ni nukta bilioni 1. Kila nukta huchukua baiti 3 za rangi: nyekundu, kijani na buluu. Jumla ni gigabaiti 3.

Utasema, mbona faili lenyewe ni megabaiti mia chache tu? Ni kwa sababu limebanwa. Mfano wake ni mkeka uliokunjwa: kwapani unaingia, lakini ukitaka kuukalia lazima uukunjue, na chumba kiutoshe. Programu nyingi za picha hukunjua mkeka wote kwanza, ndipo zitengeneze kile kijipicha cha kuonyesha. Simu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2 itapata wapi nafasi ya kuweka 3?

Dawa ni kutokunjua wote, na njia ziko tatu.

Ya kwanza ni ya picha za JPEG. Aina hii hugawa picha katika vijiraba vya nukta 8 kwa 8, na kila kijiraba huhifadhi wastani wa rangi yake peke yake, kisha ndiyo huja maelezo madogo madogo. Programu inayojua kazi inaweza kusoma ule wastani tu. Nukta bilioni 1 zinakuwa kama milioni 16, na kompyuta ya kawaida inazibeba bila shida.

Ya pili ni kusoma mstari kwa mstari. Programu ya bure iitwayo libvips huchukua mistari michache, huipunguza, huitupa, huchukua mingine. Kumbukumbu inayotumika ni ndogo hata picha iwe kubwa vipi.

Ya tatu ndiyo wanayotumia watu wa ramani. Kwa GDAL, nayo ya bure, unatengeneza mara moja tu nakala za nusu, robo, thumni na kuendelea, zikakaa ndani ya faili lile lile. Anayetaka kuona mtaa mzima anapewa nakala ndogo. Anayetaka mlango wake anapewa kipande chake tu. Gharama yake ni kama theluthi moja ya ukubwa kuongezeka, kwa sababu kila nakala ni robo ya nukta za ile iliyotangulia.

Hapa sasa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Kijipicha ni wastani, na wastani huficha. Ukiipunguza ile picha ya Kibera hadi nukta 500 kila upande, nukta moja inabeba zaidi ya mita 3 za ardhi. Kichochoro cha mita moja kati ya mabati mawili kinamezwa na rangi ya mabati. Choo kimoja, bomba moja, daraja la mbao juu ya mtaro, vyote vinapotea. Mtu akisimama kikaoni na kijipicha mkononi akasema hapa hapana njia, macho yake hayamdanganyi. Lakini watoto wanapita hapo kila asubuhi wakienda shule.

Kwa hivyo ushauri wangu kwa Silanga, na kwa yeyote wa Kisauni, Likoni au Ng'ambo atakayepewa picha kama hiyo, ni huu. Tengenezeni kijipicha kwa ajili ya kutambua mtaa tu, kisha kateni vipande kwa ukubwa wake halisi, kila kundi la nyumba na kipande chake, na kila kipande kiandikwe tarehe picha ilipopigwa na nukta moja ni sentimita ngapi. Mkizituma kwa WhatsApp, tumeni kama fali la hati, kwani zikitumwa kama picha za kawaida zinabanwa tena. Faili la asili msilifute. Liwekeni kwenye diski mbili, katika nyumba mbili tofauti.

Na kikaoni, kabla ya kubishana, ulizeni kwanza: hii mnayotuonyesha ni picha yenyewe au ni kijipicha chake? Kama ni kijipicha, ombeni mfunguliwe ile kubwa, tena pale penye mlango wenu.