Gari Linalolazwa Uani Lipewe Hewa Kwanza

Kasumbalesa ni mji wa magari yanayosubiri. Anayekuja kutoka Lubumbashi, mwendo wa kilomita takriban 90 kwa Barabara ya Taifa namba 1, ameizoea foleni ya malori yanayoelekea mpaka wa Zambia, na anajua kwamba mashofa wengi hula na kulala humo humo ndani ya kabini. Yako mengine yasiyoonekana barabarani: lori lililokosa mzigo, basi dogo linalongoja injini, motoka ya ndugu aliyesafiri. Hayo yamelazwa ndani ya lupango, chini ya mwembe, yamefunikwa bashi la plastiki na kukazwa kamba hadi kwenye magurudumu. Mwenyewe anaamini ameyahifadhi. Mimi nasema kamba zile zinaliua gari upesi kuliko mvua.

Mvua ikinyesha juu ya bati lililo wazi, jua likitoka maji yanakauka. Chini ya plastiki mambo ni mengine. Mchana udongo hutoa unyevu, unapanda na kukwama ndani ya bashi. Usiku baridi ikiingia, unyevu ule unageuka matone juu ya chuma, kwenye mikunjo ya milango na kwenye viungo vya nyaya. Kesho yake unapanda tena. Kutu haitaki zaidi ya maji na hewa kidogo, na hapo imevipata vyote viwili kwa miezi. Upepo nao unalisugua bashi lenye vumbi juu ya rangi mpaka inachubuka. Ulaya, wenye magari ya utalii yenye vitanda na jiko ndani huyalaza nje majira ya baridi, na tatizo lao ni hili hili. Wanaojua hununua vifuniko vya kitambaa kinachopitisha mvuke. Kwetu dawa bora ni kibanda cha nguzo na mabati, wazi pande zote. Mwenye bashi tu alitundike kwenye miti juu ya paa la gari, liwe na mteremko, liache nafasi ya mkono mzima kupita. Lisiguse gari.

Kivuli chenyewe si anasa. Tuko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200, na kwa kila mita 1,000 unazopanda, mionzi mikali ya jua huongezeka kwa takriban asilimia 10. Mwishoni mwa Oktoba, kabla mvua hazijashika, jua la adhuhuri husimama wima juu ya utosi. Ndipo dashibodi zinapopasuka na mipira ya madirisha kukakamaa, na mvua za Novemba zinapofika zinakuta njia tayari. Mwembe unatoa kivuli, kweli, lakini unadondosha utomvu, maembe na majani. Majani huziba mifereji midogo chini ya kioo cha mbele, na maji yakikosa pa kutokea huingia sakafuni mwa kabini. Kama huna pengine pa kuliweka, safisha mifereji hiyo kila wiki.

Liko jambo la huku kwetu ambalo vitabu vya magari vya ng'ambo havilisemi sana. Malori mengi yanayoingia Katanga hubeba salfa, ule unga wa manjano ambao migodi huugeuza kuwa asidi ya kuyeyushia shaba na kobalti. Salfa kavu haina neno kubwa na chuma. Ikilowa, inakitafuna, na vijidudu vya asili huigeuza polepole kuwa asidi. Unga uliobaki kwenye pembe za tela, juu ya chesisi na nyuma ya taa hauonekani ukiwa umechanganyika na vumbi jekundu, lakini mvua ya kwanza inauamsha. Kwa hiyo lori lililobeba salfa lisilazwe kabla ya kuoshwa. Lifagiliwe kwanza likiwa kavu, kisha maji mengi yapigwe kutoka chini kwenda juu, likaushwe juani siku nzima, ndipo chuma kilichochubuka kipakwe rangi au grisi. Nikiambiwa nichague kazi moja tu kati ya zote, nitachagua hii.

Pa kusimama pawe na kokoto au moramu iliyoshindiliwa, si udongo mtupu unaogeuka tope. Usiweke mbao chini ya magurudumu. Nchi hii ya vichuguu virefu, ambavyo udongo wake tunauchoma kuwa matofali, haimkopeshi mtu mbao: mchwa wataanza na kabari, kisha watapanda hadi kwenye mbao za bodi. Tumia mawe au matofali ya saruji.

Matairi yajazwe upepo hadi kiwango cha juu ambacho mtengenezaji ameruhusu, na yafunikwe kwa magunia upande wa jua. Gari lisogezwe kidogo kila mwezi ili uzito usikalie mahali pamoja. Na usihukumu tairi kwa kashata zake. Soma tarakimu nne zilizochapwa ubavuni. 3519 maana yake lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019.

Gari dogo liachwe bila breki ya mkono, likiwa kwenye gia na kabari pande zote mbili za magurudumu, maana breki iliyofungwa msimu mzima hushikana na dramu kwa kutu. Lori lenye breki za upepo halina hiari hiyo. Upepo ukiisha, springi hujifunga zenyewe, na usimruhusu mtu yeyote kuzifungua kwa spana bila ujuzi. Springi ile ina nguvu ya kuua. Kila baada ya wiki mbili washa injini, ngoja upepo ujae, lisogeze mbele na nyuma, kisha fungua matangi ya upepo yatoe maji. Kuwasha dakika tano na kuzima ni hasara: injini haijapata moto wa kukausha unyevu, na betri imetoa zaidi ya ilichorudishiwa.

Tukiwa kwenye betri, hesabu ni fupi. Saa, redio na kifaa cha kufuatilia gari vikivuta miliampia 50 tu, kwa siku 30 vimekula ampia-saa 36, zaidi ya nusu ya betri ya 60. Betri iliyolala tupu hujenga ganda la salfeti kwenye sahani zake na hairudi tena. Chomoa waya wa hasi, pima kila mwezi, na ikishuka chini ya volti 12.4 ichaji. Umeme ukikatika mara kwa mara, sola ndogo yenye kidhibiti chaji inatosha.

Tangi la mazutu lijazwe. Nafasi tupu huvuta hewa yenye unyevu, na usiku wa Juni na Julai unyevu huo huwa maji, ambayo kwa uzito wake huzama chini, na vijidudu huota pale yanapokutana na mazutu. Kabini nayo itolewe godoro, mablanketi, unga na mtungi wa gesi. Chembe moja ya chakula huita panya, na panya akishakaa huhamia kwenye nyaya.

Siku ya kuliamsha, usianze na ufunguo. Fungua kifuniko cha chujio la hewa utazame kama kuna kiota, toa maji chini ya chujio la mazutu, pima oili, fuata nyaya kwa macho na tochi. Kisha jaribu breki mara kadhaa humo humo ndani ya lupango, kwa mwendo wa mtu anayetembea, kabla geti halijafunguliwa.