TUIKINGE FILAMU NA UNYEVU



Picha ni shahidi. Mwenzetu akikatwa na mashine isiyo na kinga, au kivuko cha shambani kikivunjika na wachumaji chai wakiwa juu yake, picha iliyopigwa siku ile ile huisaidia kamati ya tawi kutetea haki mbele ya meneja. Wako wenzetu ambao mpaka leo wanatumia kamera za filamu. Tunawaandikia wao hasa, kwa sababu filamu ina adui mkubwa hapa kwetu, naye ni unyevu.

Kigali iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Mvua za itumba hunyesha Machi hadi Mei, na za umuhindo Septemba hadi Desemba. Filamu imepakwa utando wa jelatini, ambao hunywa maji, huvimba na kunata, kisha koga huula. Wafanyakazi wa viwanda vya chai watalielewa jambo hili upesi. Jani bichi ni maji kwa karibu robo tatu ya uzito wake. Likitoka kwenye kikaushio hubaki na asilimia 3 hivi, lakini likiachwa wazi huvuta tena unyevu wa hewani. Filamu nayo ni vivyo hivyo.

Basi tuzingatie haya:

Kwanza, filamu isitolewe katika kopo lake mpaka wakati wa kuitumia. Tuibadilishe chini ya paa, mikono ikiwa mikavu.

Pili, tujihadhari na joto la ghafla. Kamera iliyotoka kwenye baridi ya shamba la Mulindi alfajiri, ikiingizwa mara moja katika chumba cha vikaushio, hutoka jasho kwenye lenzi na hata ndani. Tuifunge katika mfuko wa plastiki kabla ya kuingia, tuiache humo mpaka ipate joto, ndipo tuifungue.

Tatu, kamera isihifadhiwe katika mkoba wa ngozi, kwani ngozi hufuga koga, na koga ikiota kwenye lenzi huila kioo. Sanduku la bati lenye kifuniko kizuri linafaa zaidi. Ndani tuweke vifuko vya chembe za kukausha. Zikikosekana, tukaange mchele bila mafuta, tuuache upoe, tuufunge katika kitambaa safi. Tuukaange tena kila baada ya siku chache.

Nne, filamu iliyokwisha kupigwa isafishwe mapema. Ikikaa miezi ndani ya kamera, picha hufifia.

Tano, filamu ikitumbukia majini, tusiikaushe juani wala motoni, maana itagandamana. Tuiweke katika maji safi na kuipeleka hivyo hivyo kwa fundi.

Tusiseme kwamba haya ni mambo ya wapiga picha tu. Katika Jumba la Kumbukumbu la Gisozi, lililofunguliwa mwaka 2004, zimetundikwa picha za watu waliouawa mwaka 1994, zilizotolewa na jamaa zao. Karatasi hizo ndogo zimebeba nyuso ambazo hazitapigwa picha tena.

Kila tawi lina bahasha ya picha za Mei Mosi, za mikutano na za wazee waliostaafu. Kabla mvua hazijaanza, katibu wa tawi aifungue, aiondoe karibu na ukuta wenye maji, na kuandika nyuma ya kila picha kwa penseli: nani, wapi, mwaka gani.