Mapacha walioungana si mkosi, wapelekwe hospitali

MWAKA 2013, wilayani Kyela, jirani zetu wa Rungwe, walizaliwa watoto wawili wa kiume walioungana sehemu ya chini ya mgongo. Walifikishwa Muhimbili, kisha India, ambako Desemba mwaka huohuo madaktari wa Apollo mjini Chennai waliwatenganisha. Mwaka 2022 upasuaji wa kutenganisha mapacha ulifanyika Muhimbili kwenyewe.

Chanzo si uchawi wala kosa la mama. Yai moja lililorutubishwa huchelewa kugawanyika, takriban siku 13 baada ya mimba kutungwa, na halimalizi kugawanyika. Mara chache zaidi, pacha mmoja hukua na mwenzake hubaki viungo tu, kama miguu, vinavyoishi kwa damu ya aliyekua. Huyo ni pacha tegemezi, na viungo hivyo huondolewa kwa upasuaji.

Si wote hutenganishwa. Wakichangia ini, madaktari wanaweza kuligawa. Wakichangia moyo mmoja, hatari ni kubwa mno. Maria na Consolata Mwakikuti wa Makete waliishi wameungana, wakasoma hadi chuo kikuu Iringa, wakafariki Juni 2018 wakiwa na miaka 21.

Mama wa Tukuyu, anza kliniki mapema na upigwe ultrasaundi. Mapacha wa aina hii wakigundulika, usijifungulie nyumbani. Fuata rufaa ya Mbeya, kwani kwa kawaida huzaliwa kwa upasuaji. Nawe baba, usimkimbie mama wala kuwaficha watoto. Wanahitaji daktari, na wanakuhitaji wewe.