Saa ya Mbizi Inayojua Mlima Kitonga

Saa janja, yaani saa ya mkononi yenye kompyuta ndogo ndani yake, ambayo hupima mapigo ya moyo, huonyesha njia na hupokea ujumbe unaoingia kwenye simu ya mwenyewe, imeanza katika miaka ya karibuni kufanya pia kazi ya kompyuta ya mbizi, chombo ambacho kwa zaidi ya miaka 30 kilitengenezwa na kuuzwa peke yake. Kampuni ya Garmin ilitoa saa ya Descent Mk1 mwaka 2017, Apple ikatoa Apple Watch Ultra mwaka 2022, na Suunto ya Finland, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1936 kwa kutengeneza dira, ikatoa Suunto Ocean mwaka 2024. Mnunuzi anayezilinganisha hupewa kwanza namba ya kina cha maji ambacho saa inaweza kufikia, na wengi huchagua kwa namba hiyo. Kwa mpiga mbizi anayeishi Tosamaganga, kijiji cha misheni kilicho juu ya kilima nje ya mji wa Iringa, mahali palipo takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, namba hiyo ina uzito mdogo kuliko jambo jingine ambalo matangazo hulitaja kwa nadra: namna saa inavyoushughulikia mwinuko wa nchi.

Ili jambo hilo lieleweke, yafaa kwanza kueleza kompyuta ya mbizi hufanya nini. Hewa anayovuta mpiga mbizi kutoka kwenye mtungi mgongoni ni ile ile ya kawaida, ambayo takriban asilimia 78 yake ni naitrojeni, gesi isiyotumiwa na mwili. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza mgandamizo, ambao vitabu vya fizikia huuita pia kanieneo, kwa kiasi kinacholingana na hewa yote iliyo juu ya bahari, hivyo mtu aliye kwenye kina cha mita 30 huwa chini ya mgandamizo mara nne ya ule wa ufukweni, na hewa anayovuta huwa nzito kwa kiwango hicho hicho. Naitrojeni huyeyuka katika damu na kuingia katika misuli, mafuta, neva na viungio, na kadiri mtu anavyokaa chini kwa muda mrefu ndivyo inavyozidi kujaa. Akipanda taratibu, gesi hurudi mapafuni na kutoka. Akipanda haraka, hutoka ikiwa mapovu ndani ya mwili. Mkazi wa Iringa ameliona jambo hili katika dumu la ulanzi linaloendelea kuchacha likiwa limezibwa: gesi hutulia ndani ya kinywaji maadamu kizibo kimekaza, na kizibo kikiondolewa ghafla povu hufurika. Mapovu ya namna hiyo yakitokea mwilini huleta maumivu ya viungio, ganzi, kizunguzungu, na katika hali mbaya kupooza, nao ndio ugonjwa wa mgandamizo wa wapiga mbizi.

Kompyuta ya mbizi hupima mgandamizo wa maji kwa kihisi kidogo, hupima muda, na kwa hesabu inayorudiwa kila baada ya sekunde chache hukadiria naitrojeni iliyomo mwilini, kisha humwonyesha mvaaji dakika ngapi zimebaki kabla hajalazimika kusimama njiani wakati wa kupanda. Msingi wa hesabu hiyo uliwekwa na mwanafiziolojia wa Uingereza, John Scott Haldane, aliyechapisha mwaka 1908 matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa mbuzi kwa ajili ya jeshi la majini la nchi yake, akiugawa mwili katika makundi ya tishu, mengine yakijaa gesi kwa dakika chache na mengine kwa saa nyingi. Hata hivyo hesabu inayotumika leo katika saa za Garmin, katika Suunto Ocean na katika vyombo vingine vingi haikutoka kwenye jeshi la majini. Ilitoka Uswisi, nchi isiyo na bahari, ambako daktari Albert Bühlmann wa Chuo Kikuu cha Zurich alitaka kujua ni kwa nini majedwali ya mbizi yaliyotengenezwa kwa ajili ya bahari hayafai kwa mtu anayezamia katika ziwa la milimani. Jibu lake lilikuwa kwamba hesabu isianzie kwenye kina, bali kwenye mgandamizo kamili, yaani wa maji pamoja na wa hewa iliyo juu yake, kwa kuwa hewa ya mlimani ni nyepesi na mwili unaorudi ndani yake huachia gesi kwa nguvu zaidi. Kanuni yake ya makundi 16 ya tishu, iitwayo ZHL-16, ina herufi mbili za mwanzo zinazotokana na jina la mji wa Zurich. Nyanda za Juu Kusini zina haki ya kuiona kanuni hiyo kuwa ya kwao kuliko watu wa pwani, maana ilitungwa kwa ajili ya watu waishio juu.

Tosamaganga haina ziwa la kuzamia. Mkazi wake anayejifunza mbizi, awe mtumishi wa hospitali aliye likizoni, mwanafunzi wa sayansi ya bahari au mwongoza watalii, huteremkia pwani: katika Ghuba ya Chole iliyo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ambayo ilianzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza nchini, katika miamba ya Mnemba kaskazini mashariki mwa Unguja, au katika kuta za matumbawe za Pemba zinazoshuka kwenye mkondo wenye kina cha mamia ya mita. Kushuka hakuna madhara kwake, kwani mwili uliozoea hewa nyepesi hufika baharini ukiwa na naitrojeni pungufu kidogo. Hatari iko katika kurudi. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam, yenye takriban kilomita 500 hadi Iringa, haipandi sana kupitia Chalinze, Morogoro na Mikumi, kisha baada ya Ruaha Mbuyuni hukwea Mlima Kitonga kona kwa kona, na abiria aliyekuwa katika joto la bonde hujikuta muda si mrefu baadaye akifunga madirisha ya basi kwa baridi ya Ilula. Katika mwinuko wa mita 1,500 mgandamizo wa hewa ni takriban asilimia 83 ya ule wa usawa wa bahari. Kwa mwili wenye naitrojeni iliyosalia, Kitonga ni mita za mwisho za kupanda kutoka kwenye maji.

Wapiga mbizi hufundishwa kutopanda ndege mara baada ya kuzamia, na wengi huishia hapo, wakidhani kwamba msafiri wa basi hahusiki. Miongozo inayofuatwa sana, ile ya shirika la Divers Alert Network, hushauri kusubiri saa 12 baada ya mbizi moja isiyohitaji vituo vya kusimama wakati wa kupanda, saa 18 baada ya mbizi kadhaa au za siku nyingi mfululizo, na muda mrefu zaidi ya huo baada ya mbizi zilizohitaji vituo. Ushauri huo uliwekwa kwa ndege ambazo hewa ya ndani yake inalingana na mwinuko wa kati ya mita 600 na 2,400. Tosamaganga imo katikati ya kipimo hicho, Mbeya yenye mita 1,700 hivi imo, na Njombe pia imo, hivyo alama ya ndege iliyokatwa mstari, inayoonekana kwenye saa baada ya mbizi, kwa mtu wa Nyanda za Juu inapaswa kusomwa kuwa ni alama ya basi vilevile.

Kutokana na hayo, swali la kwanza la kumwuliza muuzaji ni kama saa hupima yenyewe mgandamizo wa hewa kabla ya mbizi na kuutumia katika hesabu, au kama mvaaji hulazimika kuiambia yuko juu kiasi gani. Saa za Garmin Descent hupima zenyewe. Kompyuta nyingi za zamani za Suunto, ambazo bado zinauzwa mkono wa pili, zina hatua tatu zinazochaguliwa kwa kitufe: A0 kutoka usawa wa bahari hadi mita 300, A1 hadi mita 1,500, na A2 hadi mita 3,000. Mpango huo hufanya kazi vizuri mikononi mwa mtu makini, lakini humwadhibu anayesahau. Swali la pili ni namna saa inavyohesabu muda wa kutopanda ndege, kwa sababu zipo zinazokadiria gesi iliyobaki mwilini na zipo zinazohesabu saa 24 tu kwa kila mbizi. Hesabu hiyo ya saa 24, ingawa haina ustadi, ndiyo inayofaa zaidi kwa msafiri wa Kitonga, kwani kukosea kwa kusubiri hakujamlaza mtu yeyote hospitalini.

Kwa watu wa Mbeya suala lina sura nyingine, maana wao wana maji yao wenyewe. Ziwa Nyasa linafikiwa kwa urahisi kupitia Matema, katika wilaya ya Kyela, chini ya Milima ya Livingstone, na uso wake uko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, ilhali vyama vya mafunzo ya mbizi huhesabu mbizi yoyote inayozidi mwinuko wa mita 300 kuwa mbizi ya nchi ya juu yenye masharti yake. Isitoshe, maji ya ziwa hayana chumvi na ni mepesi kuliko ya bahari: safu ya maji yasiyo na chumvi inayotoa mgandamizo wa mita 10 za bahari ina urefu wa mita 10 na sentimita 30 hivi, hivyo saa iliyoachwa katika mpangilio wa maji ya chumvi humwonyesha mpiga mbizi wa Matema kina pungufu kidogo ya kile alichopo. Tofauti ni ndogo na haibadilishi hesabu ya gesi, inayotegemea mgandamizo wenyewe, ila saa nzuri huruhusu kuchagua aina ya maji. Lenye uzito zaidi ni safari ya jioni, kwa kuwa mtu aliyezamia Matema asubuhi na kurudi Mbeya siku hiyo hiyo kupitia Tukuyu hupanda zaidi ya mita 1,000 kabla ya chakula cha usiku.

Kuhusu namba zilizoandikwa kwenye boksi, madukani huonekana saa za bei nafuu zenye maandishi ya IP68 au 5ATM, na muuzaji asiye na nia mbaya humwambia mteja kwamba 5ATM maana yake ni mita 50 chini ya maji. Sivyo. IP68 huthibitisha kwamba kifaa hakiingizi vumbi wala maji kikiwa kimetulia, na 5ATM hutokana na kipimo cha mgandamizo usiobadilika, kinachofaa kwa kuogelea. Hakuna kati ya hivyo kinachohusu mbizi ya mtungi. Alama ya kutafuta ni EN 13319, kiwango cha Ulaya cha vyombo vinavyopima kina na muda chini ya maji, na hata hicho hakikagui hesabu ya naitrojeni. Apple Watch Ultra ina alama hiyo na imewekewa mpaka wa mita 40, ambao ndio mpaka wa mbizi za burudani, kwa hiyo anayelipia zaidi ili apate mita 200 za saa ya Garmin Descent Mk3i hununua kina ambacho huenda asikifikie maisha yake yote.

Kwa Tanzania lipo pia suala la simu. Apple Watch huhitaji iPhone ili iandaliwe, na Watanzania wengi hutumia simu za Android. Tena programu ya Oceanic+, iliyoigeuza saa hiyo kuwa kompyuta kamili ya mbizi, hutoza ada ya kila kipindi kwa huduma zake muhimu. Garmin na Suunto hukubali simu za aina zote mbili. Vitufe ni muhimu kuliko uzuri wa kioo, kwani skrini ya mguso haitii kidole ndani ya maji. Betri nayo isipuuzwe: saa inayozimika katikati ya siku za mbizi inaweza kupoteza kumbukumbu ya naitrojeni iliyokuwa ikiitunza, na mvaaji asiyejua huendelea kuiamini kana kwamba bado inaikumbuka. Uwezo wa kusoma hewa iliyobaki mtungini bila waya unapendeza, lakini geji ya kawaida yenye mpira hutosha.

Bei inastahili kusemwa waziwazi. Apple Watch Ultra ilizinduliwa kwa dola 799 za Marekani, na Descent Mk3i kubwa kwa karibu dola 1,600, wakati kompyuta ya kawaida ya mbizi, isiyojua kupokea ujumbe wala kuhesabu hatua, hupatikana kwa chini ya dola 400 na hutumia hesabu ya kuaminika vilevile. Anayezamia wiki moja kwa mwaka anunue hiyo ya kawaida. Saa janja humfaa yule ambaye ataivaa kila siku, na hapo mkazi wa mlimani hupata faida halisi: saa isiyovuliwa, yenye kipimo cha mwinuko, inaweza kumwonyesha akiwa ndani ya basi ni mita ngapi amekwisha kupanda huku saa za kusubiri zikiendelea kupungua.

Waongoza watalii wa Iringa wanaopeleka wageni katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kisha visiwani wamelipata suluhisho bila saa yoyote, kwa kutanguliza wanyama na kuiacha bahari iwe ya mwisho. Anayerudi nyumbani Tosamaganga hana nafasi ya kupanga hivyo. Vyumba vya mgandamizo vinavyotibu ugonjwa huu ni vichache Afrika Mashariki, vinavyojulikana viko upande wa pwani, na msaada wa kwanza unaoweza kutolewa katika hospitali ya bara ni oksijeni safi wakati safari ya kushuka tena ikiandaliwa. Kwa hiyo ratiba huhesabiwa kutoka mlimani kurudi nyuma. Mpiga mbizi anayetoka majini Mnemba Alhamisi saa tano asubuhi, baada ya siku kadhaa za kuzamia, hutimiza saa zake 18 Ijumaa saa kumi na moja alfajiri. Akivuka kwa boti Ijumaa, akalala Dar es Salaam na kupanda basi la Jumamosi alfajiri, hufika chini ya Kitonga akiwa na zaidi ya saa 48 tangu mbizi ya mwisho, na alama ya ndege kwenye saa yake imefutika tangu siku iliyotangulia.