Kuhifadhi Kumbukumbu kwa Diski (3): DVD za Matabaka Mawili na Kasi ya Kuzichoma

Katika sehemu ya pili tuliitazama DVD ya kawaida, yenye tabaka moja na nafasi ya gigabaiti 4.7. Kwa mpiga video wa harusi, au kwa mtunza kumbukumbu wa shule, msikiti au kanisa, nafasi hiyo huisha upesi. Ndipo anapoitafuta DVD ya matabaka mawili, yenye gigabaiti 8.5. Diski hii ina bei kubwa zaidi, na huharibika kirahisi zaidi inapochomwa. Leo tueleze kwa nini iko hivyo, kisha tuone namna ya kuichagua na kasi inayoifaa.

Muundo wake

Ukiishika mkononi huioni tofauti: kipenyo ni sentimita 12 na unene milimita 1.2, sawa na nyingine. Tofauti imo ndani. Sahani mbili za plastiki ya polikabonati, kila moja yenye unene wa milimita 0.6, zimegandishwa pamoja. Katikati yake yamo matabaka mawili ya rangi inayobadilika kwa joto la leza, na kati ya matabaka hayo kuna gundi angavu yenye unene wa mikromita 50 hivi. Tabaka la kwanza lina utando wa metali mwembamba mno, unaorudisha sehemu ya mwanga na kuipitisha iliyobaki.

Hapo ndipo ugumu unapoanzia. Ili kuliandika tabaka la pili, leza hulazimika kupenya la kwanza, kama mtu anayesoma gazeti kupitia chandarua. Leza huhitaji nguvu zaidi, na mwanga unaorudi wakati wa kusoma ni hafifu kuliko wa diski ya tabaka moja. Rangi ikipakwa bila ulinganifu, au gundi ikiwa nene huku na nyembamba kule, makosa huongezeka. Kiwanda kinachotengeneza DVD nzuri za tabaka moja kinaweza kushindwa na hizi.

Ugumu huo umegusa hata ukubwa wa nafasi. Mtu angetarajia gigabaiti 9.4, yaani 4.7 mara mbili. Lakini alama fupi kabisa zimerefushwa kutoka mikromita 0.40 hadi 0.44, ili draivu iweze kuzitambua licha ya mwanga unaotoka tabaka jingine. Na ukiona kompyuta inaonyesha 7.96 badala ya 8.5, usidhani umepunjwa: kompyuta nyingi hazihesabu gigabaiti kwa bilioni moja kamili, bali kwa 1,024 × 1,024 × 1,024.

Jina la jalada na msimbo wa ndani

Kampuni nyingi zenye majina maarufu hazitengenezi diski zao; hununua kwa viwanda vingine na kubandika majalada. Boksi mbili zinazofanana dukani zinaweza kutoka viwanda viwili tofauti. Kwa hiyo, usilitegemee jalada. Kila diski ina msimbo wa mtengenezaji uliowekwa kiwandani, na programu kama ImgBurn huusoma kabla hujachoma chochote.

Mfano ulio wazi ni wa Verbatim, jina lililokuwa la kampuni ya Mitsubishi ya Japani. Diski zake za DVD+R DL (DL ni alama ya matabaka mawili) za kasi ya 2.4x zilibeba msimbo MKM 001, na za 8x zikabeba MKM 003. Kwa miaka mingi wachomaji wazoefu waliziweka mbele ya nyingine zote, hasa zilizotengenezwa Singapore. Lakini mwaka 2019 ilitangazwa kwamba biashara hiyo inauzwa kwa CMC Magnetics ya Taiwan. Sifa ya zamani, basi, haitoshi kuwa dhamana ya boksi unalolinunua leo. Soma msimbo, nunua chache kwanza, zijaribu, ndipo ununue nyingi. Zipo pia bandia zinazoiga hata msimbo, kwa hiyo kipimo cha mwisho ni diski yenyewe baada ya kuchomwa.

Kati ya DVD+R DL na DVD-R DL, ninapendekeza ya kwanza. Draivu nyingi zinaweza kuiandikia alama inayoitambulisha kama DVD-ROM ya kiwandani, na deki nyingi za zamani huikubali kwa sababu hiyo. DVD-R DL haina uwezo huo.

Kasi

Kasi ya 1x ni takriban megabaiti 1.385 kwa sekunde. Diski ikijaa, kwa 2.4x utasubiri kama dakika 43, na kwa 4x kama dakika 26. Kwa 8x muda hushuka hadi dakika 15 au 20, kwa kuwa draivu huanza polepole na kuongeza mwendo njiani.

Wengi huamini kwamba kadiri unavyochoma polepole ndivyo diski inavyokuwa bora. Si kweli daima. Programu iliyomo ndani ya draivu ina maelekezo ya namna ya kuipigia leza kila aina ya diski, kufuatana na msimbo wake na kasi. Diski iliyoundwa kwa 8x huenda haikuandaliwa vizuri kwa 2.4x. Kwa upande mwingine, kwenye kasi ya juu kabisa leza hupata muda mfupi mno kwa kila alama, na mtikisiko huongezeka. Anza na nusu ya kasi iliyoandikwa: diski ya 8x ichome kwa 4x. Ile ya 2.4x ichome kwa 2.4x hiyohiyo. Kama mtengenezaji wa draivu ametoa programu mpya ya ndani, iweke kwanza, maana diski iliyotoka baada ya draivu yako huenda haimo katika orodha yake.

Uhakiki

Usimkabidhi mteja diski ambayo hujaihakiki. Iamuru programu isome diski nzima na kuilinganisha na faili za asili. Draivu zinazoweza kuhesabu makosa, kama baadhi za Lite-On, hukupa picha kamili zaidi: kiwango kinachokubalika ni makosa ya PI, yaani yale ambayo draivu huyagundua na kuyasahihisha inaposoma, yasiyozidi 280 katika kila kundi la vipande vinane vya data. Angalia hasa katikati ya kazi, pale leza inaporuka kutoka tabaka la kwanza kwenda la pili. Tabaka la kwanza huandikwa kutoka ndani kwenda nje, la pili kutoka nje kurudi ndani. Kwa hiyo, diski ikijaa, mruko huo hutokea ukingoni, na huko ndiko makosa hupenda kujitokeza.

Pale umeme unapokatika mara kwa mara, tumia kompyuta ya mkononi yenye betri iliyojaa au UPS. Diski ya aina ya R, iwe DVD+R au DVD-R, huandikwa mara moja tu, na umeme ukikatika katikati ya kazi, diski hiyo imekwisha.

Anayehifadhi sauti ya mzee wake au sherehe ya ukoo anahifadhi kitu kisichorudiwa. Msimbo uliosomwa, kasi ya wastani na uhakiki kamili vinamgharimu chini ya saa moja, na si vya kuruka kwa sababu ya haraka. Juma lijalo tutaeleza utunzaji wa diski zilizokwisha kuchomwa: joto, unyevu wa pwani, na kalamu inayofaa kuandikia juu yake.